Kengele za Agosti: Safari ya Kijana wa Kitale Kwenda Ukubwani

Katika nyumba nyingi za Trans Nzoia na Bungoma umri wa mtoto hauhesabiwi kwa miaka peke yake, bali huhesabiwa pia kwa kuku. Kuku akichinjwa, mtoto wa miaka 5 hupewa mguu wenye kucha, naye huutafuna kwa furaha kubwa. Akifikia miaka 8 hupandishwa cheo akapewa shingo. Baadaye hupata bawa, kisha kipande cha mgongo. Paja ni la mgeni. Firigisi ni ya baba mwenye nyumba, wala jambo hilo halina mjadala.

Kijana wa miaka 14 akiuliza ni lini atalifikia paja, mamake humjibu kwa neno moja, "Ukikua." Akiuliza tena ni lini atakua, huambiwa achukue mtungi akateke maji.

Hilo ndilo fumbo linalomsumbua kijana wa Kibukusu aliyezaliwa Kitale na ambaye kwao ni Bungoma. Watu wote humwambia akue, lakini hakuna amwelezaye dalili za kukua ni zipi. Shule ina majibu yake, shamba lina yake, na rafiki zake wana yao. Hata mwezi wa Agosti unapofika katika mwaka unaogawanyika kwa mbili, ndipo kengele zinapolia mabondeni na kumwambia kwamba siku ya kujibu swali imewadia.

ASUBUHI MZEE, JIONI MTOTO

Na atazamwe kijana mmoja awe mfano wa wengi. Babu yake alitoka Bungoma zamani za ukoloni akaenda Trans Nzoia kutafuta kazi katika mashamba ya walowezi wa Kizungu. Reli kutoka Eldoret ilikuwa imefika Kitale mwaka 1926, na mashamba yale yalihitaji mikono mingi. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 jamaa nyingi za namna hiyo zilipata ardhi huko, nyingine kwa mipango ya serikali na nyingine kwa kuchanga fedha na kununua. Hivyo ndivyo mtu anavyoweza kuwa na shamba Kitale na makaburi ya wazee wake Bungoma.

Kijana huyu basi ana lugha tatu na haitawali hata moja kwa utulivu. Sokoni husema Kiswahili, shuleni Kiingereza, na mbele ya kukhu, yaani bibi yake, husema Kibukusu. Bibi humsikiliza kwa huruma, kisha humwuliza kama ametia kiazi cha moto kinywani.

Kazi hana uhaba nayo. Kitale ni nchi ya mahindi. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa huko mwaka 1956, na mahindi chotara yaliyotokana na utafiti wa Kitale yalianza kuwafikia wakulima mwaka 1964. Mtoto wa huko hujifunza kupalilia kabla hajajifunza kugawanya desimali. Mvua za Machi na Aprili zikianza, hupanda. Mei na Juni hupalilia na kutia mbolea. Mahindi yakikauka mwishoni mwa mwaka, huvuna, hupukuchua na kuanika. Gunia la kilo 90 likijaa, yeye huitwa kulishika upande mmoja; na likiuzwa, haitwi.

Kinachomchosha zaidi si jembe, bali ni kubadilishwa cheo kila siku. Saa kumi na mbili za asubuhi, baridi ya Kitale ikiwa bado imekaa juu ya majani, baba hugonga mlango na kusema, "Amka! Wewe ni mwanamume mzima sasa." Saa mbili za usiku, wazee wakianza kuzungumza mambo ya maana juu ya ardhi na ng'ombe, baba huyo huyo husema, "Wewe ni mtoto, nenda ukalale." Yaani kijana huamka mzee, akapalilia mistari kumi, kisha jua likitua akawa mtoto tena. Hujiuliza moyoni ni saa ngapi hasa za mchana utu uzima wake hukatika, ili siku moja ajaribu kuuvizia.

BARAZA LA MARAFIKI WATATU

Kijana kama huyu hakosi rafiki, na Kitale ni mji wa makabila mengi. Wamo Wabukusu, Wasabaoti, Wapokot, Waturkana, Wakisii, Wakikuyu na Wahindi wenye maduka. Basi watatu wameketi chini ya mti nyuma ya kinu cha kusagia unga, wakingoja zamu, nao wanajadili uanaume kama madiwani wanavyojadili barabara: kwa maneno mengi na bila fedha.

Wa kwanza ni Mturkana. Huyu hushangaa kuona wenzake wakiogopa kisu, kwa kuwa desturi ya kwao haina tohara. Kwao kijana huingizwa katika utu uzima kwa sherehe iitwayo asapan, ambayo ndani yake dume huchomwa kwa mkuki. "Sisi," asema, "aumiaye ni ng'ombe." Wenzake hawana jibu la haraka.

Wa pili amekwisha kutahiriwa hospitalini. Babake ni karani, na aliona hivyo ndivyo bora. Tena hakukosa sababu. Uchunguzi uliofanywa Kisumu, Uganda na Afrika ya Kusini, ambao matokeo yake yalikuwa yamekwisha kutangazwa kufikia mwaka 2007, ulionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI na mwanamke kwa kadiri ya asilimia 60. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ikaanza mpango wa tohara ya hiari chini ya waganga. Kijana huyu alichomwa sindano ya ganzi, akalala, akaamka, akaenda nyumbani. Kosa lake ni moja tu: alisimulia kwamba hakusikia maumivu. Tangu siku hiyo wenzake humwita "Sindano."

Wa tatu ndiye kijana wetu. Yeye amekwisha kutangaza kwamba mwaka huu atakwenda Bungoma kwa babu yake, naye atasimama kama wazee walivyosimama. Alitangaza jambo hilo mwezi wa Februari, wakati Agosti ilipokuwa mbali sana. Mwezi wa Juni alianza kutumaini kwamba watu wamesahau. Mwezi wa Julai alitambua kwamba watu hawasahau kamwe jambo ambalo mwingine ndiye atakayeumia.

Wala hakuna aliyemshurutisha. Hilo na likumbukwe, kwa maana ndilo nguzo ya desturi yenyewe. Kijana ndiye anayetakiwa kusema kwa kinywa chake kwamba yu tayari.

KENGELE NA MABISHANO YA MLANGONI

Matatu ya kwenda Bungoma hupita Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye. Zamani, kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipokuwa kikifanya kazi kwa nguvu zake zote, abiria aliyelala aliamshwa na pua yake, akajua amefika. Kijana wetu halali. Amekaa dirishani, magotini ana mfuko wa nguo, na kila mtu garini aonapo mfuko ule katika majira yale humtazama na kutabasamu. Mama mmoja asiyemjua kabisa humwuliza, "Mwanangu, utaweza?" Naye hujibu, "Nitaweza," kwa sauti nene iliyovunjika katikati ya neno.

Bungoma kuna joto kuliko Kitale, na mwezi wa Agosti mahindi ya huko yameanza kuvunwa, hali yale ya Kitale yangali mabichi shambani. Ndiyo sababu majira hayo yafaa kwa sherehe: chakula kimo, shule zimefungwa, na mikono ya watu ina nafasi.

Wazee humsimulia kijana asili ya mambo. Hadithi ya Wabukusu yasema kwamba palikuwa na mtu jina lake Mango, na nyoka mkubwa aliyekuwa akiua watu na kuwala. Mango alimvizia nyoka huyo pangoni akamkata kichwa. Na kwa ushujaa huo akatahiriwa, kisha watu wake wakaifuata desturi hiyo. Tangu hapo rika zikapangwa, nazo ni nane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Zikiisha huanza tena, kwa hiyo kijana wa leo huenda akaitwa jina la rika la watu waliokwisha kufa zamani. Kijana husikiliza kwa heshima, ila ndani ya moyo wake huona kwamba Mango alipata nafuu: yeye alijaribiwa na nyoka tu, wala hakuwa na mashangazi.

Kwa maana sasa huvalishwa shanga alizoazimwa na dada zake, hutiwa vyuma vya mikononi, hupewa kengele ziitwazo chinyimba, akazipiga huku akicheza na kwenda nyumba kwa nyumba kuwaalika jamaa. Umati wa vijana na wasichana humfuata ukiimba. Nyumba ya kwanza huwa ya senge, yaani shangazi. Huyu hutoka mlangoni, humzunguka kijana kama mtu anunuaye ndama, kisha husema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Ni huyu? Huyu aliyelia alipong'olewa jino?" Watu hucheka. Kijana hupiga kengele kwa nguvu zaidi. Shangazi huingia ndani, na akitoka ameshika kuku.

Mwaka 2022 mambo yalikuwa na kichekesho cha pekee. Uchaguzi Mkuu wa Kenya ulifanywa tarehe 9 Agosti, na mwaka ule ulikuwa pia mwaka wa tohara. Basi njia za Bungoma zilijaa aina mbili za watu waendao mlango kwa mlango wakiomba wakubaliwe: wenye vipaza sauti na wenye kengele. Tofauti yao ilikuwa moja. Mwenye kengele ndiye aliyejua kwamba kabla ya mwezi kwisha ahadi yake itadaiwa hadharani.

NYUMBANI KWA MJOMBA

Safari iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya kwenda kwa khocha, yaani mjomba, ndugu wa mama. Hapo ndipo kijana hutetemeka kweli. Mjomba hamkaribishi. Humwacha amesimama uani katika jua, kengele zikilia, huku yeye ameketi kitini akitazama upande mwingine kana kwamba anahesabu migomba. Hata akiinuka, humjia kijana kwa maneno makali. Humwambia yu mwoga, yu goigoi, anukia maziwa ya mamake. Humwambia arudi Kitale akacheze na watoto wenziwe. Humwuliza ni nani aliyemdanganya kwamba yu tayari. Pengine humpiga kofi.

Mgeni akitazama mambo haya aweza kudhani amefika katika nyumba yenye ugomvi wa miaka mingi. Lakini wenyeji hujua. Mjomba huyu huyu amekwisha kumfunga dume nyuma ya nyumba tangu asubuhi. Wakati mamake kijana alipoolewa, ng'ombe wa mahari walikuja katika boma hili; leo mtoto wake amekuja kudai haki yake, na mjomba atalipa bila kunung'unika. Dume huchinjwa, na kipande cha nyama ya kidari, kiitwacho luliki, hukatwa kikavikwa shingoni mwa kijana. Hurudi nacho kwa babu yake, nyama ikimpiga kifuani, umati ukiimba, na mbwa wa kijiji kizima wakiifuata safari hiyo kwa unyenyekevu.

Na hapa ndipo akili ya desturi inapoonekana. Masuto yale yote, ya shangazi, ya mjomba na ya wapita njia, ni mlango ulioachwa wazi. Kila neno kali lamwambia kijana: ukitaka kurudi, rudi sasa, ungali na nafasi. Asiyeweza kuvumilia ulimi wa mjomba hataweza kuvumilia kisu cha mtahiri. Na zaidi ya hayo, atawezaje kuvumilia ulimi wa ulimwengu? Siku moja atadaiwa deni na hana fedha, atafukuzwa kazi, mazao yake yataoza kwa mvua, watu watamcheka. Aliyekwisha kuchekwa na wampendao huwa amepata chanjo.

ALFAJIRI

Kijana hulala kidogo sana usiku ule, au halali kabisa. Kabla ya jua kuchomoza huongozwa mtoni, husafishwa, na hupakwa matope mwili mzima, na jani hupachikwa juu ya matope ya kichwani. Matope ya mto wakati wa alfajiri ni baridi kuliko kitu chochote alichowahi kukigusa Kitale. Akirudi nyumbani, watu humzunguka wakiimba wimbo wa sioyaye, na sasa hakuna tena mizaha. Wale wale waliomcheka jana wamenyamaza au wanaimba kwa nguvu, na macho yao yana wasiwasi. Shangazi aliyesimulia habari za jino ndiye anayefuta machozi.

Husimama uani mwa babu yake bila kufungwa, bila kushikwa, bila kupepesa jicho. Jambo lenyewe ni la dakika chache. Kisha filimbi hulia, na vigelegele vya akina mama husikika ng'ambo ya bonde.

KISU HAKIFUNDISHI KUOSHA VYOMBO

Gazeti lingeweza kuishia hapo, lakini mambo ya maana huanza hapo. Mtahiri na wazee huja baadaye kumwosha kijana mikono na kumpa mafundisho: kuwaheshimu wakubwa, kutotamani mke wa mtu, kujitegemea na kuwatunza wazazi. Zamani vijana walikaa pamoja kwa miezi katika nyumba yao iitwayo likombe, wakapata nafasi ya kuyatafakari maneno hayo mpaka siku ya kutoka mwezi wa Desemba. Siku hizi shule hufunguliwa upesi, na kijana aweza kurudi darasani ana kovu lakini hana fundisho.

Matokeo yake huonekana. Wako vijana ambao hurudi Kitale wakiwa wamepona mwili na kuugua kichwa. Wakiambiwa wateke maji, husema kwamba mwanamume hateki maji. Wakiambiwa na mwalimu wa kike waketi, husimama. Wengine huiacha shule kabisa wakaenda kupanda bodaboda za watu au kukaa vilabuni, wakidhani kwamba utu uzima ni cheti kilichokwisha kutiwa sahihi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu haumvalishi mtu nyama ya kidari shingoni.

Wazazi nao wana sehemu yao. Inafaa baba ahakikishe mapema kwamba kila kijana ana kisu chake safi kisichotumiwa kwa mwingine, na kwamba dawa ipo na zahanati yajulikana iliko. Inafaa sherehe ilingane na ghala. Mtu akiuza mahindi ya kulipia karo ili majirani wanywe busaa, amemtahiri mtoto na kuikata elimu yake siku moja. Na kijana aliyepelekwa hospitalini asidharauliwe. Mjomba na awe na ulimi kwa ajili yake pia, na wazee wamwite wampe mafundisho yale yale. Kwa kuwa tofauti iliyopo ni ya mahali na ganzi, bali mafundisho ni ya wote.

Kijana wetu amerudi Kitale. Chini ya mti nyuma ya kinu, "Sindano" amemwuliza kama ilimuuma. Alifikiri kidogo akatafuta uongo unaofaa, kisha akasema, "Sana." Wote watatu walicheka mpaka mwenye kinu akatoka nje kuuliza kuna nini, na tangu siku hiyo jina la "Sindano" halitajwi tena.

Jumapili yake mamake alichinja kuku. Kijana aliketi mezani akiwa amenyoosha mgongo. Bakuli likaletwa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akawekewa paja. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha jicho lake likatambaa polepole hadi kwenye sahani ya baba, likatua juu ya firigisi.

"Hiyo," alisema baba bila kuinua kichwa, "bado."

Kijana alikula paja lake, akashukuru, akainuka. Mtungi ulikuwa mtupu karibu na mlango. Aliuchukua, akatoka kwenda kuteka maji, na hapakuwa na mtu aliyemtuma. Baba alimtazama dirishani mpaka akapotea nyuma ya mahindi. Kisha akaigawanya firigisi kwa kisu, akaweka nusu kando, akaifunika.